Hodi Mara Tatu, Kisha Rudi Nyuma Hatua Tano

Usiku niliosikia bastola ikikokiwa kwa ajili yangu nilikuwa nimebeba mfuko wa nepi za watu wazima mkono mmoja na chupa ya chai mkono wa pili. Ilikuwa Novemba 2011, pembezoni mwa jiji la Houston, jimbo la Texas. Nilikuwa na miezi saba Marekani, na wiki ya tatu kwenye kazi ya kulea wazee majumbani, zamu ya usiku. Mwenzangu aliyezoea kwenda kwa mzee yule alipata dharura, ofisi ikanitumia anwani kwa simu nikiwa njiani, nami nikaifuata kama ilivyoandikwa. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimegeuzwa.

Nilibonyeza kengele, kimya. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mzee akikawia kufungua, fikiria kwanza kuwa ameanguka, kwa hiyo moyo ulianza kunienda mbio. Nikaweka chupa chini, nikagonga kioo cha mlango kwa pete, ko ko ko, nikaita jina la mzee. Kisha nikainama kuchungulia kwenye kidirisha chembamba kilicho pembeni ya mlango, kiganja nimekikinga juu ya macho nipate kuona ndani.

Ndipo niliposikia. Mlio wenyewe ni mfupi, vyuma viwili vinavyopishana, kra-chaa. Hata kama hujawahi kushika silaha maishani mwako, mwili unaujua. Sauti ya mwanamume ikauliza mimi ni nani na nimefuata nini, ikaongeza kwamba mwenyewe ana bunduki. Kiingereza changu cha shule kilinitoka chote. Mfuko ukaniponyoka, mikono ikapanda juu yenyewe, na neno pekee nililolipata lilikuwa jina la mzee niliyekuwa namtafuta. Nikalirudia kama mtu anayevuta uradi.

Pazia likasogea. Nadhani alichokiona ni sare yangu ya kazi, ile ya samawati, na nepi zilizotapakaa kibarazani. Alipofungua alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, amevaa pajama, bastola ameielekeza chini kando ya paja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Aliinama akanisaidia kuokota zile nepi, moja moja, mkono wake mmoja bado una silaha, akaninyooshea kidole nyumba niliyotakiwa kwenda. Akasema, "Binti, nusura nikuue." Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu aliyeponea chupuchupu kufanya jambo ambalo lingemtesa hadi kaburini.

Mimi ni mtu wa Pangani. Mama alitulea kwa hodi. Hodi kwetu ni tatu: ukipiga ya kwanza unasubiri, ya pili unasubiri, ya tatu usipoitikiwa unageuza, hata kama umesikia watu wanaongea ndani. Na wakati wa kupiga hodi husimami mkabala na mlango, unasimama ubavuni, ili mlango ukifunguliwa macho yako yasiingie ndani kabla ya miguu. Kuchungulia dirishani kwa watu ndiyo usiseme. Mwalimu wa madrasa alitusomesha kwamba adabu hiyo imo katika Sura ya An-Nur na katika mafundisho ya Mtume, na kwamba ni sitara ya mwenye nyumba. Nilipokaa kwenye gari baada ya zamu ile, saa kumi na mbili asubuhi, nilihesabu nilichokosea, nikakuta kila kosa nililofanya mama alikuwa amenikataza nikiwa na miaka sita. Nilisimama mbele ya mlango. Niligonga mfululizo. Nilichungulia. Nilikuwa nimeiacha adabu ile uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kwa kudhani huku ni kwa kengele na vioo, hodi haina kazi.

Dada mmoja Mkenya niliyefanya naye kazi, aliyewahi kuishi Baton Rouge katika jimbo jirani la Louisiana, ndiye aliyenisimulia habari za Yoshihiro Hattori. Alikuwa mwanafunzi Mjapani wa miaka 16, amekuja Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tarehe 17 Oktoba 1992, yeye na kijana wa familia iliyompokea walikuwa wanakwenda kwenye sherehe ya Halloween, wakakosea nyumba. Walipiga kengele, mama mwenye nyumba akaogopa, mumewe akatoka na bastola akapiga kelele kumwamuru asimame. Neno alilotumia ni "freeze". Yule mtoto aliendelea kumsogelea, akapigwa risasi ya kifua, akafa. Mei 1993 wazee wa baraza walimwachia huru yule mwanamume, ingawa baadaye kesi ya madai ilimtaka alipe zaidi ya dola 650,000. Wazazi wa Hattori walikusanya Japani saini zaidi ya milioni 1.7 za kuwaomba Wamarekani wadhibiti bunduki majumbani, wakamfikishia Rais Clinton mwaka huohuo wa 1993.

Neno lile limenikaa. Sisi frizi tunaijua ni ya kugandishia samaki. Nani alikufundisha shuleni kwamba mtu akikupigia kelele za frizi, maana yake usitingishe hata kope? Tulifundishwa mashairi na insha, tukafundishwa kuandika barua ya kuomba kazi, lakini maneno matatu manne ambayo mgeni anahitaji kuyaelewa kwa nusu sekunde hayakuwemo. Siku hizi kila mgeni anayefikia kwangu ninamfundisha hayo kabla ya kumwonyesha basi linapopita.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini watu wa hapa wanaishi hivi. Nyumba za kwetu zina nondo madirishani, zina ukuta wenye vipande vya chupa juu, zina geti, na wenye uwezo wana mlinzi na mbwa. Mwizi akitaka kuingia itabidi afanye kazi, na kelele zake zitaamsha mtaa mzima. Nyumba za Texas hazina ukuta kwa mbele. Ni nyasi kutoka barabarani mpaka mlangoni, dirisha ni kioo kitupu, mlango wenyewe una vioo. Nilipofika nilidhani ni watu wanaoaminiana sana. Kumbe ule ukuta upo, umewekwa kwenye droo ya kando ya kitanda.

Aliyenifumbua macho zaidi ni jirani yetu wa kona, tuliponunua nyumba mwaka 2014. Ni Mzungu mzee aliyepigana vita vya Vietnam, mjane, na bunduki zake sijui idadi. Watoto wangu wanamwita Babu. Ninamtaja kwa heshima kwa sababu watu wa kwetu wengi hudhani kila mwenye bunduki ni mtu wa shari, na huyu ni mmoja wa watu wema niliowahi kuishi nao. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba tangu 2007 sheria ya Texas haimlazimu mtu aliye mahali pake halali kukimbia kwanza kabla ya kujitetea, na kwamba usiku, katika mazingira fulani, sheria inaruhusu hata kutumia nguvu ya kuua kwa ajili ya kulinda mali. Mali! Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Na yeye ndiye aliyenionyesha rangi ya zambarau. Nilikuwa nimepata mgonjwa shambani, mwendo wa saa moja kutoka mjini, nikamwambia ninapita njia ya mkato penye miti iliyopakwa mistari ya zambarau, inapendeza. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini. Akanieleza kwamba mistari ile ya wima kwenye miti na nguzo za uzio ni sheria ya Texas, ina nguvu sawa na kibao kinachosema ni marufuku kuingia. Wiki mbili nzima nilikuwa nakatiza shamba la watu kila alfajiri, gizani, nikiwa na koti jeusi na hijabu nyeusi, nikisoma nyiradi zangu kwa amani.

Basi nikajitengenezea utaratibu, nami nimeufuata mpaka leo kwenye kila nyumba mpya. Napiga simu kabla sijashuka kwenye gari, nasema niko nje na gari langu ni la rangi gani. Taa ya ndani ya gari naiacha ikiwaka dakika moja ili nionekane. Koti silivai juu ya sare hata kama kuna baridi. Nikifika mlangoni napiga hodi, narudi nyuma hatua tano mpaka mwanga wa taa ya kibarazani uniangukie usoni, nasimama ubavu, viganja wazi, hakuna mkono kwenye mkoba wala mfukoni. Hodi tatu. Nisipojibiwa narudi kwenye gari, napiga simu ofisini. Mara mbili wamenilaumu kwamba nimechelewa kumfikia mgonjwa. Sawa, nimechelewa.

Bastola iliingia nyumbani kwangu baada ya kimbunga Harvey. Agosti 2017 mvua ilinyesha siku nne, maji yakaingia mpaka magotini, umeme ukakatika. Babu wa kona ndiye aliyekuja na boti lake la kuvulia akatutoa, mimi na watoto, tukiwa na begi moja la vyeti na pasipoti. Mume wangu alibaki juu na vitu tulivyoviokoa. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule mtaa ulikuwa giza totoro, wanaume wamekaa vibarazani na bunduki mapajani, na yeye peke yake alikuwa ameshika panga la kufyekea nyasi. "Nilijiona mtoto," aliniambia. Nilimwelewa. Mwanamume anayeshindwa kulinda mlango wake katika nchi ya watu, ndani yake kuna kitu kinavunjika, na mke asijifanye hakioni.

Oktoba tukaenda dukani. Nilikuwa nimejiandaa kuona mlolongo kama wa kwetu. Mjomba wangu Handeni alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori, na nakumbuka barua za kijiji, safari za polisi, leseni aliyoihifadhi kwenye nailoni pamoja na hati ya shamba. Hapa mume wangu alijaza Fomu 4473 kwenye kaunta ya vioo. Inauliza umezaliwa wapi na wewe ni raia wa nchi gani. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama unatumia bangi, kama bunduki unajinunulia mwenyewe au unamnunulia mtu mwingine. Asiye raia anaandika namba yake ya uhamiaji. Muuzaji akatuma taarifa zile kwenye mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi, ambao ulianza kazi mwaka 1998, jibu likarudi kwamba aendelee. Nilisubiri muda mrefu zaidi siku niliyokata leseni ya udereva.

Sisi tulikuja kwa bahati nasibu ya viza, yeye ndiye aliyeshinda, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, grinikadi kama wote wanavyoiita. Mwenye kadi hiyo sheria ya shirikisho inamruhusu kununua silaha kama raia. Tulitoka pale na boksi jeusi la plastiki na hatukuona tatizo lolote mbele yetu. Tulinunua na sefu ndogo ya kubonyeza namba, mume wangu akaifunga kwa skrubu nne kwenye ukuta wa kabati la nguo, kwa sababu watoto ni watoto, na Texas inamshitaki mzazi anayeacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anapoifikia.

Agosti 2018 mdogo wangu wa mwisho alikuja kusoma. Akakaa kwetu, chumba cha nyuma. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, anaweza kutoka Jumapili akarudi baada ya wiki mbili. Kabla ya safari moja alimwita mdogo wangu chumbani, akamwonyesha sefu, akampa namba. "Shemeji, mimi sipo, wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Dada yako na watoto nakuachia wewe." Nilikuwepo. Niliona vizuri. Kwetu huko ndiko kuaminiana, na yule kijana alikua inchi mbili siku ile.

Mwaka mmoja na zaidi ulipita hivyo. Oktoba 2019 alikuja msikitini mwanasheria wa uhamiaji kutusomesha habari za kuomba uraia. Kwenye maswali nikanyoosha mkono, nikauliza kama kuwa na bastola nyumbani kutaniletea shida kwenye maombi. Akajibu kwamba yenyewe tu haina shida ikiwa imenunuliwa kihalali. Nikataka kukaa. Akauliza, "Nani mwingine anaishi humo?"

Nikamtajia: mume, watoto wawili, mdogo wangu. Akauliza mdogo wangu ana viza gani. Nikasema ya mwanafunzi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsubiri baada ya darasa.

Alichoniambia pale kwenye rafu za viatu ninataka kila Mswahili aliye Marekani akijue, na wengi niliowauliza hawakijui. Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi moja. Kumiliki kwenyewe hakuishii kwenye kununua. Ukiishika uwanja wa kulenga shabaha, umeimiliki. Ukijua ilipo na una uwezo wa kuifikia, kwa mfano unazo namba za sefu, mwendesha mashitaka anaweza kusema umeimiliki. Wakati ule adhabu ilifika miaka 10 jela. Sheria ya 2022 imeipandisha hadi 15. Na anayemkabidhi silaha mtu aliyekatazwa, hali anajua, ana kosa lake. Mume wangu, kwa upendo wake wote, angeweza kutiwa hatiani, na mwenye grinikadi akipatikana na hatia ya kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao hata awe ameishi miaka thelathini.

Akanipa mfano uliokuwa bado wa moto. Kijana wa Umoja wa Falme za Kiarabu aitwaye Rehaif alikuja kusoma Florida, akaondolewa chuoni, hivyo viza yake ikakosa nguvu. Alibaki. Siku moja alikwenda uwanja wa kulenga shabaha, akakodi bastola, akapiga. Alishitakiwa, akahukumiwa miezi 18. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo Juni 2019 ikaamua kwamba serikali inatakiwa kuthibitisha kuwa mtu alijua hali yake inayomweka kwenye kundi lililokatazwa, kwa mfano aina ya viza yake. Nikashusha pumzi, nikasema basi mdogo wangu hakuijua sheria hiyo. Mwanasheria akanitazama. "Lakini viza yake anaijua," akasema. "Kutoijua sheria si kinga. Na ni lazima umwambie leo."

Nilipofika nyumbani nilimkuta jikoni anawapikia watoto chapati. Nikamwambia akusanye nguo za siku tatu aende kwa rafiki yake Mtanzania, mpaka shemeji yake arudi abadilishe namba, maana mimi sefu ile sikuwahi kuigusa na namba zake sikuzitaka. Aliacha chapati kwenye kikaango.

"Dada, unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakuficha na kitu."

"Kitu gani?"

Nikamweleza. Akacheka kwanza, kisha akakaa kwenye kiti. Ndipo akaniambia kwamba wanafunzi wenzake walikuwa wamemwalika Jumamosi ileile kwenda kulenga shabaha, mmoja amesema atamlipia. Alikuwa ameshanunua kofia.

Chapati iliungua. Moshi ukawasha kengele ya darini, watoto wakaanza kulia, nami nikalia nao, nimeshikilia kitambaa nikipungia kengele ile ili inyamaze. Mpaka leo mdogo wangu akikumbuka siku ile anakumbuka nilivyomtoa kwa mlango wa nyuma, na najua kidonda hakijapona chote.

Mume wangu nilimpata kwa simu yuko Amarillo kwenye kituo cha malori. Alikasirika. "Huyo ni mdogo wako, si jambazi. Sheria gani inamfanya mtoto wa mama mkwe wangu kuwa mhalifu ndani ya nyumba yangu?" Swali lake lilikuwa la haki. Watoto wa tumbo moja, chini ya paa moja, mimi kwa karatasi zangu naweza kununua bunduki kumi, yeye kwa karatasi zake hata ganda lenye baruti limemshinda. Ukishakuwa mgeni, sheria haikusomi kwa sura yako wala kwa tabia yako.

Wako waliomshauri mdogo wangu njia nyingine. Ni kweli kwamba sheria inatoa nafasi kwa mwenye viza ya muda aliye na leseni halali ya kuwinda, na leseni hizo huku zinauzwa mpaka kwenye maduka makubwa ya vyakula. Wanafunzi wenzake wawili walizikata. Lakini leseni ya kuwinda ya Texas inakwisha tarehe 31 Agosti. Kijana mwenye mitihani, kodi ya nyumba na kazi ya kuosha vyombo, akisahau tarehe hiyo, anaamka Septemba mosi akiwa mkosaji wa sheria ya shirikisho kwa kitu kilekile alicholala nacho jana. Nilimkatalia, na ningemkatalia tena.

Kuna jingine nililomwambia siku hizo, kuhusu mikono. Februari 4, 1999, Amadou Diallo, Mguinea wa miaka 23 aliyekuwa akiuza soksi na glavu barabarani New York, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jengo alimopanga, wilaya ya Bronx. Polisi wanne waliovaa kiraia wakamsimamisha. Akaingiza mkono mfukoni kutoa pochi. Wakafyatua risasi 41, 19 zikampata. Polisi wale waliachiwa huru mwaka uliofuata. Alikuwa machinga kama tunaowajua Kariakoo, na alichofanya ndicho ambacho yeyote wetu angekifanya: askari kakusimamisha, unatoa kitambulisho haraka ili aone huna neno. Miaka mitatu baada ya maneno hayo, mimi na mdogo wangu tulisimamishwa kwa taa mbovu ya nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Niliona bega lake linaanza kuinamia dashibodi, penye karatasi za gari, kisha likasimama. Akarudisha mikono juu ya usukani, akashusha pumzi, akamwambia askari karatasi ziko wapi na akaomba ruhusa ya kuzichukua. Askari akasema asante. Tulipewa onyo tukaondoka. Hatukuongea mpaka nyumbani.

Bastola yenyewe ilikaa miezi mitano zaidi. Mume wangu alibadilisha namba, na mwanasheria alisema hivyo inatosha maadamu mdogo wangu hana njia ya kuifikia. Lakini hesabu ikagoma. Mwenye namba alikuwa mmoja tu, na huyo siku ishirini za mwezi analala kwenye lori jimbo jingine. Safarini hakuweza kuichukua: kampuni imekataza, na inayoruhusiwa Texas inaweza kukufunga ukivuka kuingia Illinois au New Jersey. Mimi nilikataa kujifunza, kwa sababu nilishasimama upande wa pili wa mlango na najua jinsi mtu wa ndani anavyokosea. Kwa hiyo pale kabatini palikuwa na chuma kinachomlinda nani? Machi 2020, watu walipokuwa wanapanga foleni kununua silaha kwa hofu ya ugonjwa, mume wangu alirudi duka lilelile akaiuza. Waliinunua siku hiyohiyo.

Hatujakubaliana, na sitaki kudanganya kwamba tumekubaliana. Yeye anasema mdogo wangu akipata karatasi za kudumu ataileta nyingine. Mdogo wangu ana kazi nzuri sasa, viza imebadilika kuwa ya kazi, na watu wanampongeza wakidhani marufuku imekwisha. Haijakwisha, viza ya kazi nayo ni ya muda. Septemba 2021 Texas iliruhusu wenye miaka 21 na zaidi ambao hawajakatazwa na sheria kutembea na bastola bila kibali, na mume wangu akaniambia, "Unaona, wote wanazo, sisi tu." Nikamwambia hayo ndiyo yanayonifanya nipige simu kabla ya kushuka kwenye gari.

Nilichokifanya badala yake ni kujulikana. Mgeni akija kwetu, siku ya pili baada ya chai namchukua tunazunguka mtaa. Tunaanza kwa Babu wa kona, tunakwenda kwa familia ya Kimeksiko, tunakwenda kwa yule mama Mvietinamu mwenye mbwa. Namwambia kila mmoja: huyu ni wa kwangu, atakuwa anatoka na kurudi saa hizi na hizi. Napeleka na visheti. Watu wanashangaa, lakini mwezi uliopita Babu alinipigia simu saa nane usiku kuniuliza kama kijana mrefu anayehangaika na mlango wetu wa pembeni ni mgeni wangu. Alikuwa ni mpwa wa mume wangu, kasahau ufunguo. Babu alikuwa anamwangalia kutoka kibarazani kwake, na sina shaka alikuwa na nini mkononi, na alipiga simu kwanza.

Sefu tuliigawa. Matundu manne ya skrubu bado yapo kwenye ukuta wa kabati, nyuma ya kanzu za mume wangu. Amepaka rangi nyumba nzima mara mbili tangu wakati huo na hakuyaziba, nami sijamwuliza.